Akisema Inauma

Hadithi hii ni ya kweli, wanangu, nayo inaanzia Bochum, mji wa Ujerumani, mwezi wa Juni mwaka 2015. Mvulana wa miaka saba, ambaye familia yake ilitoka Syria, alilazwa hospitalini katika wodi ya watoto walioungua. Moto haukuwa umemgusa. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya ngozi yake ya juu ilikuwa imebanduka, na bakteria walikuwa wameingia vidondani. Madaktari walimwosha, wakamfunga bandeji, wakampa dawa za kuua bakteria. Wakajaribu kumpandikiza ngozi ya baba yake, lakini mwili wake ukaikataa. Maumivu yalikuwa makali, na mtoto akazidi kudhoofika. Ikafika hatua madaktari wakaanza kufikiri kwamba lililobaki ni kumtuliza tu mpaka mwisho wake.

Mtaniuliza, je, alipona? Nitawaambia, ila si sasa hivi. Kwanza tuelewe ni kitu gani kilikuwa kinambandua ngozi, na kwa nini kilimuuma kiasi hicho. Na tangu sasa shikeni jambo moja: ugonjwa usioponyeka si lazima uwe ugonjwa usiotulizika. Hata watu wazima huyachanganya mambo haya mawili, na wanapoyachanganya, anayeumia ni mtoto.

Kitambaa, bitana na uzi

Ngozi yako ina matabaka mawili makubwa. La juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. Seli zake huzaliwa chini, hupanda polepole, hufa, kisha hupukutika bila wewe kujua. La ndani ni nene zaidi. Humo mna mishipa ya damu, tezi za jasho, mizizi ya nywele na neva nyingi.

Sasa mfikirie fundi cherehani anayeshona koti. Juu kuna kitambaa, ndani kuna bitana, na uzi ndio unaovishika pamoja. Ukivuta kitambaa, bitana huja nacho. Lakini uzi ukiwa mbovu, ukivuta kidogo tu kitambaa kinaachana na bitana, na katikati panabaki uwazi. Ngozi nayo imeshonwa hivyo. Nyuzi zake ni protini. Ipo inayoitwa laminini, inayokaa hasa kwenye mpaka wa matabaka mawili. Ipo kolajeni ya saba, inayoshika kutokea chini, ndani ya bitana. Na ndani ya seli za juu kuna keratini, inayokipa kitambaa chenyewe nguvu ya kutochanika.

Kuna watoto wanaozaliwa protini moja kati ya hizo ikiwa dhaifu au haipo kabisa. Kwao, lebo ya shati inayosugua shingo inatosha kuwaumiza. Mshono wa soksi unatosha. Kunyanyuliwa kwa kushikwa makwapani, kama watu wazima wanavyopenda kuwanyanyua watoto, kunatosha. Matabaka yanaachana, majimaji yanajaa katikati, na hapo linainuka lengelenge. Likipasuka, linaacha kidonda kibichi. Madaktari huuita ugonjwa huu epidermolisisi bulosa. Jina ni refu, kwa hiyo wengi wanasema EB tu, nasi tutasema hivyo.

EB haiko namna moja. Keratini ikiwa na hitilafu, seli za juu zenyewe huchanika. Mara nyingi malengelenge hutokea viganjani na nyayoni, hasa siku za joto, na kwa kawaida hayaachi kovu kubwa. Hitilafu ikiwa kwenye laminini, mpaka wote hulegea, na baadhi ya watoto wa aina hii huugua sana tangu siku za kwanza. Kolajeni ya saba ikikosekana, kidonda hufika chini zaidi na kupona kwa kovu, kovu juu ya kovu, mpaka vidole vya mkono vinaweza kushikana. Ipo pia aina ya nne, adimu kuliko hizo, ambayo huachanisha ngozi katika tabaka zaidi ya moja.

Nyuzi hizi huharibikaje? Kila seli hubeba jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Kwa kawaida una nakala mbili za kila agizo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Katika aina nyingi kali za EB, mama na baba kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye kosa. Ngozi zao ni nzima, na huenda wasijue kabisa kwamba wamebeba kosa hilo. Lakini kila wanapopata mtoto, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba atarithi nakala mbili zenye kosa. Katika aina nyingine, nakala moja yenye kosa inatosha kuleta ugonjwa. Na mara nyingine kosa huzuka kwa mtoto mwenyewe bila kutoka kwa mzazi.

Kwa hiyo mtoto huyu hakurogwa. Hakuna aliyemlaani. Mama yake hakukosea chakula alipokuwa na mimba, wala baba yake hakuvunja mwiko. Na EB haiambukizi. Unaweza kula naye sahani moja, kukaa naye dawati moja na kumshika mkono, ilimradi umshike taratibu. Inakadiriwa kwamba watu nusu milioni duniani wanaishi nayo, wa kike na wa kiume, wa kila taifa na kila rangi.

Kwa nini inauma hivyo

Ncha za neva zimejaa katika ngozi yako. Baadhi hugundua joto, baadhi mguso, na baadhi kazi yake ni kugundua hatari: kukatwa, kuungua, kuchubuka. Tabaka la juu likitoka, ncha hizo zinabaki wazi. Hewa inazifikia, maji yanazifikia, uzi wa bandeji unazifikia. Juu ya hayo, seli zilizoumia humwaga kemikali, na mojawapo ni prostaglandini, zinazozifanya neva ziwe nyepesi zaidi kupiga taarifa. Taarifa hiyo hupita kwenye neva hadi uti wa mgongo, kisha hupanda hadi ubongoni. Ubongo ndio unaokwambia: inauma, na inauma hapa.

Wewe ukianguka ukachubua goti, litauma siku chache, litafunga, na neva zitanyamaza. Mtoto mwenye EB kali hapati siku za kunyamaza. Kidonda kimoja kinafunga, kingine kinafunguka. Vingine hukaa miezi, hata miaka. Mfumo wa neva unaopokea taarifa za hatari kila siku hubadilika. Huanza kuitikia kwa nguvu hata jambo dogo, hata shuka likigusa mguu usiku. Neva ndogo za ngozi nazo huharibika, zikaanza kutuma taarifa zenyewe: kuunguza, kuchoma kama sindano, kupiga shoti, hata pale ngozi ilipokwisha kufunga. Ndiyo maana mtoto anaweza kusema panauma ukatazama usione kidonda. Hasemi uongo. Neva zake kweli zinatuma taarifa hiyo.

Wala maumivu hayako kwenye ngozi ya nje peke yake. Ndani ya kinywa na kooni mna utando laini ambao nao hutoka malengelenge, hasa kwa wenye upungufu wa kolajeni ya saba. Kipande cha muhogo wa kukaanga au ganda gumu la mkate linaweza kumkwangua koo. Kovu la kooni likizidi, njia ya chakula huwa nyembamba. Jicho linaweza kuchubuka, na siku hiyo mtoto atafumba macho chumbani kwenye giza. Haja kubwa ikiwa ngumu, inachana. Mifupa inaweza kuwa dhaifu, na viungo vikakaza.

Halafu kuna kuwasha. Msifanye mchezo na kuwasha. Wagonjwa wengi wa EB husema kuwasha kunawatesa sawa na maumivu, wengine husema zaidi. Akijikuna anapata nafuu ya dakika moja, lakini ngozi inabanduka, kidonda kinazaliwa, na kidonda kikianza kupona kinawasha upya. Kwa hiyo anayetibu maumivu ya EB hana budi kutibu na kuwasha.

Siku ya kufungua bandeji

Ukiwauliza watoto wenye EB kali ni saa ipi wanaiogopa, wengi watakutajia saa ya kuoga na kubadilisha bandeji. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, na kwa baadhi hurudiwa kila siku au kila baada ya siku moja. Njooni tuitazame inavyofanywa vizuri, maana nusu ya tiba ya maumivu iko hapo.

Dawa ya kutuliza maumivu hutolewa kwanza. Ya kunywa huhitaji muda ili ifanye kazi, kwa kawaida nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo anayempa mtoto dawa na papo hapo kuanza kuvuta bandeji amewahi mno. Chumba kinakuwa na joto la kutosha, feni imezimwa, mlango umefungwa, kwa sababu upepo ukipita kwenye kidonda kilicho wazi unauma. Vifaa vyote vinapangwa kabla, bandeji mpya zimekwisha kukatwa, ili kidonda kisikae wazi kikisubiri mtu atafute mkasi.

Bandeji iliyoshika haivutwi. Inalowekwa mpaka iachie yenyewe. Wengi huingia kwenye maji nayo, na hapa kuna jambo litakalowashangaza: maji yale hutiwa chumvi. Chumvi kwenye kidonda! Lakini kipimo ndicho siri yake. Ukitia gramu 9 kwa kila lita moja ya maji, chumvi ya majini inalingana na chumvi ya mwilini. Maji matupu huingia kwenye seli za kidonda na kuziuma. Yaliyolingana hayaingii wala hayavuti, na watoto wengi hukaa humo bila kulia. Kipimo hiki hufuatwa kwa maelekezo ya muuguzi, hakikisiwi kwa kiganja.

Kisha hufunuliwa sehemu ndogo ndogo: mguu mmoja unasafishwa na kufungwa, ndipo wa pili ufunguliwe. Lengelenge jipya hutobolewa kwa sindano safi iliyoondolewa viini vya maradhi, upande wa chini ili majimaji yatoke, kwa sababu yakibaki yanasukuma na lengelenge linapanuka. Lakini kifuniko chake hakikatwi. Kinaachwa kilale juu ya kidonda kifunike zile ncha za neva. Juu yake huwekwa bandeji ya silikoni isiyonata, kisha sponji laini, kisha bandeji ya kuzungusha. Plasta ya kunata haitumiki kabisa, maana ikibanduliwa inaondoka na ngozi.

Na mtoto mwenyewe ana kazi. Anayeweza kubandua bandeji yake hupewa nafasi aibandue. Hukubaliana na mama au muuguzi ishara moja: akiinua mkono, wote wanasimama, anapumua, kisha wanaendelea. Maumivu yanayokujia bila wewe kuwa na usemi hutisha zaidi, na hofu huongeza maumivu. Ukimpa mtoto usemi, umempunguzia vyote viwili.

Zamani walidhani hawasikii

Mpaka miaka ya 1980, madaktari wengi duniani waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu vilivyo. Watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu. Mwaka 1987 watafiti wa Oxford, Uingereza, wakiongozwa na daktari Kanwaljeet Anand, walichapisha matokeo yaliyowagutusha wengi: wachanga waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji, miili yao ilitulia na walipata matatizo machache baadaye kuliko wale ambao hawakupewa. Miili ya wachanga ilikuwa ikisema inauma tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kuusadiki usemi wao.

Katika miaka hiyo hiyo, nchini Marekani, wahudumu wawili, Donna Wong na Connie Baker, walikuwa wakiwahudumia watoto walioungua, nao walitaka kujua kila mtoto anaumwa kiasi gani. Mtoto mdogo hawezi kukwambia ni saba kati ya kumi. Basi wakawasikiliza watoto wenyewe na michoro yao, wakapata safu ya nyuso sita, kutoka uso unaotabasamu hadi uso unaobubujikwa na machozi. Mtoto anagusa uso mmoja, muuguzi anaandika. Leo nyuso hizo zinatumika hospitali nyingi duniani. Faida yake ni kubwa: maumivu yaliyoandikwa asubuhi yanaweza kulinganishwa na ya jioni, na daktari akajua dawa imesaidia au haikusaidia.

Dawa, kila moja na kazi yake

Maumivu madogo huanza na parasetamoli. Ibuprofeni hufanya kazi tofauti: huzuia mwili kutengeneza zile prostaglandini, na daktari huangalia tumbo na figo kabla ya kuitoa kwa muda mrefu. Maumivu makali ya kufungua bandeji huhitaji zaidi, na hapo ndipo mofini inapoingia. Mofini hufanya kazi kwenye uti wa mgongo na ubongo, hupunguza nguvu ya taarifa inayopita. Yako pia maeneo ambapo huchanganywa kwenye jeli na kupakwa juu ya kidonda, kwa sababu neva za ngozi iliyovimba nazo zina mahali pa kuipokea.

Yale maumivu ya neva zilizoharibika, ya kuunguza na kupiga shoti, mara nyingi hayasikii dawa hizo vizuri. Kwa hayo zipo dawa kama gabapentini na amitriptilini, ambazo hutuliza neva zenyewe, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu ya kuwasha kwa dawa hizo hizo. Daktari anayemuuliza mtoto "inauma vipi?", na si "inauma kiasi gani?" peke yake, ndiye atakayeijua dawa inayofaa. Nanyi wasomaji mjue kwamba dozi ya dawa hizi hupangwa na daktari kwa uzito wa mtoto. Hakuna anayeiga ya mwenzake.

Wazazi wengi wakisikia mofini huogopa. Wanasema atazoea, atakuwa teja. Naielewa hofu yao. Lakini mtoto mwenye maumivu anayepewa kipimo sahihi, akifuatiliwa na daktari, anatibiwa, na daktari hupunguza dawa hatua kwa hatua inapofika wakati. Jambo la kuangaliwa ni usingizi uliopita kiasi, na pia choo kigumu, kwa sababu mofini hufunga choo, nacho kwa mtoto wa EB ni chanzo kingine cha kidonda. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Na chupa ya mofini hufungiwa kabatini.

Je, dawa hii ni ya nchi tajiri tu? Hapana, na jibu liko jirani. Mwaka 1993 daktari mmoja Mwingereza, Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Mofini ya vidonge na sindano ilikuwa ghali na haikupatikana kirahisi. Yeye na wenzake walitumia mofini ya unga, wakaichanganya na maji na kihifadhi, wakapata dawa ya kunywa ya bei ndogo ambayo mgonjwa anaweza kuinywa akiwa kwao kijijini. Mwaka 2004 Uganda ikaenda mbele zaidi: sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa mofini, badala ya kumsubiri daktari ambaye huenda yuko wilaya ya tatu. Walianza na wagonjwa wa saratani na UKIMWI. Lakini maumivu hayaulizi jina la ugonjwa, na njia waliyoifungua inamfaa pia mtoto wa EB.

Akili nayo ni dawa

Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba taarifa ya maumivu haipiti moja kwa moja mpaka ubongoni. Katika uti wa mgongo kuna kituo kinachoweza kuipitisha nyingi au kidogo, na ubongo wenyewe hutuma amri chini ya kupunguza. Wakaiita nadharia ya lango. Mengi yamerekebishwa tangu hapo, lakini wazo kubwa limebaki: hofu, usingizi mbovu na upweke huongeza maumivu, na akili iliyoshughulishwa huyapunguza.

Ndiyo maana wakati wa kufunga bandeji mtoto husimuliwa hadithi, huimba, hutazama filamu au hufundishwa kupumua polepole huku akiwaza mahali anapopapenda. Wakubwa wasimdanganye kwamba haitauma. Wamwambie kitakachofanyika na kitachukua muda gani, kisha wamshughulishe. Mwaka 2014, wataalamu wa nchi mbalimbali walipochapisha mwongozo wa kutuliza maumivu ya EB, waliziweka njia hizi sambamba na dawa. Kumwimbia mtoto hakuchukui nafasi ya mofini, na mofini haichukui nafasi ya kumwimbia.

Mvulana wa Bochum

Sasa nilipe deni langu. Wakati madaktari wa Bochum wamekata tamaa, waliwasiliana na mtafiti Michele De Luca wa Modena, Italia. Mvulana yule alikuwa na kosa kwenye jeni ya laminini. Walichukua kipande kidogo cha ngozi yake ambacho kilikuwa bado kizima, sentimita 4 za mraba. Huko Modena walizitenga seli zake na kuzitilia jeni nzima ya laminini kwa kutumia kirusi kilichoondolewa madhara. Seli zikaongezeka, zikawa shuka za ngozi. Ilikuwa ngozi yake mwenyewe, kwa hiyo mwili haukuikataa, na safari hii uzi wake ulikuwa mzima.

Kati ya Oktoba 2015 na Januari 2016 walimpandikiza shuka hizo: mikono, miguu, mgongo, mpaka asilimia 80 ya ngozi ya mwili wake ikawa mpya. Februari 2016 aliruhusiwa kwenda nyumbani. Habari zake zilipochapishwa katika jarida la Nature mwezi Novemba 2017, alikuwa amerudi shule na anacheza mpira. Ripoti ya mwaka 2021, miaka mitano baada ya upasuaji, ilionyesha kwamba ngozi ile bado imeshika.

Tangu hapo milango mingine imefunguka. Mwezi Mei 2023 Marekani iliidhinisha jeli ambayo kila wiki hudondoshwa kwenye kidonda ikipeleka jeni nzima ya kolajeni ya saba. Ulaya, mwaka 2022, iliidhinisha jeli iliyotokana na gome la mti wa betula, inayosaidia kidonda kufunga. Ni mambo ya kushukuru. Lakini tiba hizi za jeni ni ghali mno, na familia nyingi duniani haziwezi hata kuzisogelea. Hilo halikubaliki, na ninyi mtakaokuwa wanasayansi na viongozi nawaachia kazi ya kulirekebisha. Wakati tunazisubiri, parasetamoli ipo. Mofini ya kunywa inatengenezeka. Chumvi ipo. Wataalamu wa ngozi wapo: Moshi, nchini Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kinafundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mzazi mwenye mtoto ambaye ngozi inabanduka kwa kuguswa tu amwahi mtaalamu, asimalize miezi akizunguka na dawa za kupaka za mtaani.

Wala wazazi hawalazimiki kubeba mzigo huu peke yao. Mwaka 1978 mama mmoja wa Uingereza, Phyllis Hilton, aliyekuwa na binti mwenye EB aitwaye Debra, aliwakusanya wazazi wenzake. Wakaanzisha chama kilichochukua jina la binti huyo, nacho leo kina matawi na washirika katika nchi nyingi, kikisaidia familia na kugharamia utafiti.

Na ninyi je? Huenda siku moja darasani kwenu akaingia mwenzenu amefungwa bandeji mikono yote. Msimkimbie na msimkodolee macho. Mwulizeni jina lake kabla ya kumwuliza ugonjwa wake. Msimvute mkono wala kumpiga bega mkisalimiana. Mbebeeni mkoba, kamba zake zinamchubua. Kwenye mpira mpeni kazi anayoiweza, hata ya urefa, maana naye anataka kucheza. Akikosa shule siku ya bandeji, mpelekeeni daftari. Na kama ni wewe msomaji unayeumwa, useme. Sema wapi, sema vipi, gusa uso unaolingana na unavyojisikia, na usipoaminiwa na mtu mzima wa kwanza, mwambie wa pili.

Wengi wa wenye EB bado wanasubiri tiba ya kuiponya ngozi yao. Maumivu yao hayana haja ya kusubiri, kwa kuwa njia za kuyapunguza zinajulikana leo, na zote zinaanza na kumsadiki anayeumwa. Mtoto akikwambia inauma, mwamini kwanza, kisha mwite anayeweza kumsaidia.